Karatasi Ilikuwa Sakafuni

Shuka la buluu lilitoka kwenye sanduku la bi harusi. Tuanzie hapo, maana baadaye mamake, Bi Fatma, alipotafuta pa kuutua mzigo wa lawama, alianzia hapo hapo, kwamba shuka la bi harusi halitundikwi ukutani kwa misumari.

Lakini ndilo lililokuwa shuka pekee lisilo na maua katika nyumba ile ya Kiponda. Nahodha, mwenye kamera, aliyakagua yote. Jeupe alilikataa, akasema linaunguza picha na uso wa mtu unakuwa kama umemwagiwa unga. La mawaridi alilikataa, la mistari alilikataa, na pazia la sebuleni alilirudisha hata halijafunuliwa. Kampuni ya filamu ya Dar es Salaam ilitaka kanda ya kumjaribu Afra, na nyuma ya msichana pawe patupu, pa rangi moja, mwanga umpige usoni, na mtu wa kumsomea maneno ya mwenziwe asimame kando ya kamera asionekane.

"Lipo moja," Afra alisema mwishoni. "Lakini lina kazi yake."

"Kazi gani?"

"Yetu. Mwezi ujao."

Nahodha aliinamisha macho. Mwanamme mzima, mabega mapana kama mlango, na bado alikuwa akiona haya kwa neno dogo namna ile.

"Basi lifanye kazi mbili," alisema. "Lilete."

Walikuwa mke na mume, na hawakuwa. Akdi ya ndoa ilifungwa mwaka uliopita kando ya kitanda cha Mzee Zahran, babake Afra, alipokuwa mgonjwa na akitaka kumwona binti yake mikononi mwa mtu kabla hajafumba macho. Nyumba nzima iliguna. Ukoo wao ulikuwa na mashamba ya karafuu zamani, na ingawa mashamba yalikuwa yamekwenda na wenyewe, majivuno yalibaki ndani ya zile kuta nene yakilishwa na kunyweshwa. Leo binti aolewe na mtu wa shamba, wa Makunduchi, mpiga video wa harusi? Mzee Zahran aliwaambia wanyamaze. Alisema kijana huyu ndiye aliyekuwa akija kumgeuza kitandani, na wenye nasaba zao walikuwa wakija kunywa kahawa. Akamwita Maalim Msabah, akamwozesha, na kabla ya mfungo akafariki. Harusi ikaahirishwa kwa msiba. Bi harusi akabaki kwao, bwana harusi akabaki kwake, wakisalimiana kama watu waliokutana kwenye foleni.

Kufahamiana kwao kulitokana na kazi. Nahodha alikuwa akipiga video harusi za mjini, lakini mwanamme gani angeruhusiwa kuingia wanakocheza wanawake bila mitandio? Alihitaji mkono wa kike wa kuishika kamera huko ndani. Akamfundisha Afra. Alimfundisha barazani, mama akiwa mlangoni, kamera ikipita baina yao, na vidole havikugusana hata mara moja. Afra aliwahi kumwambia kwamba siku zile alikuwa akijifanya hafahamu ili somo lisiishe. Nahodha alisema alijua, kwa sababu naye alikuwa akimfundisha vibaya makusudi.

Basi siku ile ya mwaka 2004 walikuwa chumba cha juu, wakikigeuza chumba cha kulala kuwa mahali pa kupigia picha. Kitanda cha samadari cha marehemu kilisukumwa ukutani. Godoro lilisimamishwa dirishani upande wa njiani kuzuia honi za vespa. Feni ilizimwa kwa sababu kinasa sauti kingeinasa kabla ya kumnasa Afra. Dirisha la uani liliachwa wazi kwa ajili ya mwanga, na mwanga ulipokuwa haufiki shavu la kushoto, Nahodha alishuka jikoni akapanda na sinia la alumini la kupakulia pilau, akaliegemeza kwenye kiti. Jua likaligonga sinia, likarudi usoni mwa Afra.

"Usigeuke," alisema nyuma ya kamera. "Hapo hapo."

"Nna nini?"

"Huna kitu."

"Mbona husemi unaona nini?"

"Nnaona mke wangu," alisema polepole, kwa sababu Bi Fatma alikuwa kwenye kiti cha pembeni na tasbihi yake.

Bi Fatma alisikia. Alikuwa na masikio ya kusikia chumvi ikiingia mchuzini.

"Sijui dunia hii inakwenda wapi," alisema. "Zamani bi harusi alikuwa akitiwa ndani asionekane hata na jua. Huyu anatafutiwa jua kwa sinia."

"Mama, mume wangu karuhusu."

"Kwani nimesema nini? Mwenye mke karuhusu, mimi nani. Marehemu kanambia nikuacheni, nimekuacheni." Akavuta punje moja ya tasbihi. "Ila kakako Turki akirudi kutoka dukani, mtajibizana naye wenyewe. Mimi sina pumzi."

Adhana ya alasiri ikaanza, msikiti mmoja kisha mwengine. Kazi ikasimama. Nahodha alisali chini pamoja na jamaa wa mtaani, akarudi na uso wenye maji. Bi Fatma akashuka kusali yeye, akasema mlango ubaki wazi, na asikute umefungwa.

Ndiyo mara ya kwanza kwa siku nyingi kubaki wawili. Hawakusogeleana. Afra alisimama penye kitambaa cha kanga kilichowekwa sakafuni kuonyesha pa kukanyaga, na Nahodha alisimama kando ya kamera, karatasi za mchezo mkononi. Baina yao palikuwa na miguu mitatu ya stendi, na walitazamana mpaka Afra akawa wa kwanza kucheka.

"Tutaanza lini, bwana?"

"Tushaanza. Taa nyekundu hiyo, huioni?" Akaitazama karatasi. "Haya. Wanataka kwanza ujitambulishe. Jina lako?"

"Afra Zahran."

"Unaishi wapi?"

"Kiponda, Unguja Mjini."

"Umewahi kuigiza?"

"Skuli. Na kwenye maulidi ya wanawake nilikuwa nikisoma."

"Umeolewa?"

Swali lile lilikuwa kwenye karatasi, hakulitunga yeye. Afra alitazama kioo cha kamera bila ya kupepesa.

"Sijaolewa."

Nje kunguru alilia, na ule mlio umo kwenye kanda mpaka leo. Nahodha hakuuliza swali lililofuata.

"Umesema nini?"

"Endelea, kanda inakwenda."

"Nimeisimamisha. Umesema nini, Afra?"

"Yule bwana wa kampuni aliniambia kwenye simu. Mwaka jana waume wawili waliwatoa wake zao katikati ya kazi, filamu ikafa. Safari hii hawataki mwanamke mwenye mume. Nikajua nikisema kweli hawatoiangalia hata kanda yenyewe."

"Toka lini umemwambia hivo?"

"Wiki iliyopita."

"Wiki nzima nnakuja hapa nakupimia mwanga, na wewe ushamwambia mtu huna mume."

"Ni maneno tu, Nahodha. Maneno ya mbele ya kamera si maneno. Zuhura ninayemchezea ana watoto wanne, mimi ninao?"

"Hukuulizwa Zuhura. Uliulizwa wewe."

Afra alishuka kutoka kwenye alama yake, kisha akarudi, kwa sababu mwanga ulikuwa umepimwa kwa taabu.

"Na harusi?" Nahodha aliuliza.

Afra aliitazama alama ya kanga miguuni.

"Afra. Harusi mwezi ujao. Na harusi?"

"Kazi ni mpaka mwezi wa kumi na mbili," alisema kwa sauti ndogo. "Nikichaguliwa. Huenda nisichaguliwe. Harusi itangoja kidogo. Ishangoja."

"Mama yangu yuko Makunduchi anasuka mkeka wako toka Rajabu. Macho hayaoni tena, anasuka kwa vidole. Nimwambie angoje na yeye?"

"Usinitie mama yako. Unadhani mimi sitaki? Nalala chumba cha pili kila siku na sanduku lile miguuni, sitaki? Lakini nafasi hii hairudi, na wewe upo. Wewe utakuwapo tu."

Wanawake wengi wametamka neno hilo na wanaume wengi wamelimeza, na aghalabu haliui mtu. Afra alilisema kwa imani, kama mtu anavyosema kwamba kesho kutakucha. Lakini mwanamme aliyekwishaambiwa mara nyingi, kwa macho na kwa vikombe vya kahawa visivyojazwa, kwamba yeye ni wa kungoja barazani, alilisikia kwa sikio jengine. Nahodha alifunua karatasi.

"Tufanye kazi," alisema, akaiwasha tena kamera. "Kanda iwahi meli ya kesho asubuhi. Soma."

Mchezo wenyewe ulikuwa mfupi. Mume anarudi nyumbani, anamwacha mkewe, mke anamwomba amwambie kosa lake. Nahodha alisoma: "Zuhura, kuanzia leo huna mume. Nimekuacha." Alisoma kwa sauti bapa, ya kimjini, ile aliyokuwa akiitumia kwa wateja. Afra akajibu maneno yake, na maneno yakaanguka chini kama nguo mbichi. Wakarudia, na mara ya pili ikawa mbaya kuliko ya kwanza.

"Hebu izime," Afra alisema, naye akaizima. "Unasoma kama matangazo ya vifo ya redioni. Nani atalia kwa hivyo?"

"Mimi si mchezaji. Mimi mpiga picha."

"Basi nisaidie. Zuhura simjui. Ukisema Zuhura mimi sisikii kitu. Niite jina langu."

Nahodha aliinua uso. "Hapana."

"Kwa nini?"

"Unajua kwa nini. Talaka haina mzaha. Hata mtoto wa chuo cha Kurani anajua."

"Si talaka, ni mchezo. Unasoma karatasi ya mtu."

"Karatasi imeandikwa Zuhura. Nikisema Afra, si karatasi tena."

"Mara moja tu. Nipate kusikia."

"Sisemi," alisema, akaiwasha tena kamera warudie la Zuhura.

Laiti Afra angeliachia hapo. Lakini jua lilikuwa linashuka, sinia lilianza kupoteza mwanga wake, na Afra alikuwa amechoka, amekasirika, na ana hofu, na ulimi hauna mfupa.

"Haya ndiyo mambo ya shamba," alisema. "Kuogopa kila neno, kila kivuli. Turki alisema."

Neno lile lilikuwa la Turki. Lilikuwa la shangazi zake, la majirani, la wote waliokunywa kahawa kwenye ugonjwa wa babake. Kwenye mdomo wake Afra halikuwa limewahi kukaa, na lilipokaa Nahodha alilitazama kama mtu anayemkuta mwizi na funguo zake mwenyewe. Hakupandisha sauti. Vidole vilifunguka tu, na karatasi zikateleza mpaka sakafuni.

"Afra," alisema. Lafudhi ya kwao ilikuwa imemrudia, ile aliyokuwa akiiacha kituoni kila akija mjini. "Kuanzia leo huna mume. Nimekuacha."

Na Afra, masikini, aliingia mchezoni. Kwa pumzi mbili nzima aliona amefaulu. Ile sauti ilimpiga kifuani kama alivyotaka impige, na maneno ya Zuhura yakamjia yenyewe: "Nimekosa nini, mume wangu? Niambie kosa langu." Alimtazama pale alipofundishwa kutazama, kando ya kioo. Ndipo alipoziona karatasi zimetawanyika chini, na mikono ya Nahodha mitupu.

"Nahodha," alisema. Hilo halikuwamo kwenye mchezo. "Nahodha, ulikuwa ukisoma."

Nahodha alizitazama zile karatasi. Hakuinama kuziokota.

"Sema ulikuwa ukisoma."

Machozi yakatoka bila ya kuitwa. Akaufunika uso kwa viganja, akaufunua, akasema jina lake tena, na taa nyekundu ikamtazama kwa utulivu mpaka Nahodha alipoizima.

Mlangoni alikuwapo Turki. Alikuwa amepanda ngazi na viatu mkononi, kama desturi ya nyumba ile, na mlango ulikuwa wazi kama alivyoamrisha mama.

"Nimesikia," alisema.

"Hukusikia kitu. Tunacheza."

"Nimesikia jina lako, na nimesikia neno. Sikusikia mchezo."

"Mimi ndiye niliyemwambia aniite jina langu. Nimemlazimisha, Kaka. Wallahi nimemlazimisha."

"Mwanamme halazimishwi kuacha." Turki akamgeukia Nahodha, na sauti yake ilikuwa ya upole usiokuwa wa kawaida yake. "Kweli, shemegi? Ulilazimishwa?"

Bi Fatma alipanda na nguo zake za kusalia, mkono mmoja kwenye ukuta. "Kuna nini? Nani analia?"

"Mwanao kaachwa, Mama."

"Audhubillahi." Bi Fatma alimtazama binti yake, kisha karatasi, kisha lile shuka. "Chumbani kwa marehemu? Juu ya shuka la harusi?" Akamwendea Nahodha karibu, akamtazama kutoka chini, kwa sababu alikuwa mfupi. "Mwanangu, niambie mimi. Ulikuwa ukisoma?"

Hakuwa amewahi kumwita mwanangu. Mwaka mzima alikuwa akimwita kijana. Ingekuwa siku nyengine, Nahodha angelitembea hewani mpaka Makunduchi.

"Twendeni kwa Maalim," alisema.

Maalim Msabah alikuwa akikaa vichochoro viwili kutoka pale. Yeye ndiye aliyefunga akdi, na alipowaona wanne wamesimama mlangoni kwake kabla ya magharibi, alijua hawakuleta kheri. Aliwakalisha. Aliwasikiliza wote, Turki kwa kirefu, Afra kwa kilio, Bi Fatma kwa "Allahu aalam" zake. Alikuwa mzee wa kupenda watu wapatane, na alijitahidi kuwafungulia njia.

"Msomaji anayesoma maneno ya mwengine hakuacha," alisema. "Mimi nikikusomeeni kitabu, na ndani ya kitabu mtu kamwacha mkewe, mke wangu mimi yuko jikoni kwake hana habari. Na bibi huyu anasema yeye ndiye aliyetaka jina libadilishwe. Basi hilo pia nalifahamu."

Afra alivuta pumzi ndani ya buibui lake.

"Lakini akiwa alimkusudia mkewe," Maalim aliendelea, "imepita, hata kwa hasira, hata kwa mchezo. Na kwa kuwa bado hawajaingiana, hapana eda wala hapana kumrejea. Akimtaka, ataposa upya, na akdi mpya, na walii wa kumwozesha."

"Na walii ni mimi," alisema Turki, akizitazama kucha zake.

Mzee Zahran alikuwa kaburini. Hilo lilikuwa wazi kwa kila mtu chumbani mle, na hapana aliyelisema.

"Kijana," Maalim alisema, "moyo wako unaujua wewe na Mola wako. Mimi nauliza, nawe ujibu. Ulipotamka, ulikuwa ukisoma maneno ya karatasi, au ulikuwa ukimwambia mkeo?"

Afra alikuwa ameketi mkabala naye. Aliuinua uso, akaondoa pembe ya buibui, na akamtazama. Ule mtazamo Nahodha aliujua. Aliuona mara nyingi kwenye kioo kidogo cha kamera, katika harusi za watu, bi harusi anapomtafuta mumewe katikati ya umati. Ulikuwa ukimwomba neno moja. Nilisoma. Neno dogo kuliko lile lililowaua.

"Karatasi ilikuwa sakafuni, Maalim," alisema.

"Hilo si jibu."

"Nlikuwa namwambia yeye."

"Ulimkusudia?"

"Naam. Kwa muda ule, nilimkusudia. Nikajuta kabla sijafunga mdomo."

"Majuto hayarudishi, mwanangu," alisema Maalim Msabah, na akavua miwani yake, akakaa nayo mkononi bila ya kuifuta.

Turki hakucheka. Tumpe haki yake. Alisimama, akasema watoke, magharibi inakaribia.

Nahodha alirudi Kiponda kuchukua vyombo vyake. Hakuruhusiwa kupanda, na kweli hakuwa na haki tena ya kupanda. Afra ndiye aliyemshushia, kamera kwanza, kisha stendi, Bi Fatma akiwa barazani amegeuza uso kuwapa nafasi. Walisimama pande mbili za kizingiti.

"Kwa nini hukusema ulikuwa ukisoma?" Afra aliuliza.

"Kwa sababu sikuwa nikisoma."

"Nani angelijua?"

"Mimi ningelijua. Ningekaa na wewe miaka yote kwa haramu, na kila ukinipa kikombe cha maji ningelijua."

"Mimi ningelinyamaza."

"Najua ungelinyamaza. Ndiyo ninayoyaogopa."

"Hukunipenda."

"Usiseme hivo."

"Mtu anayependa husema uongo mmoja. Mmoja tu, Nahodha. Mimi nilisema wangu kwa ajili ya filamu, na wewe hukuweza kusema wako kwa ajili yangu."

Nahodha aliiweka stendi chini. Kisha akafungua mlango mdogo wa kamera, akatoa kanda, akampa. Vidole viligusana. Akdi ilipokuwapo hawakuthubutu, na leo haikuwapo.

"Ile ya mwisho ndiyo iliyotoka," alisema. "Mbili za mwanzo hazifai."

Kwa maneno haya aliondoka, stendi begani, na hakugeuka. Afra alimchukia kwa kutogeuka, na angelimchukia zaidi kama angeligeuka.

Alipanda juu. Aling'oa misumari mmoja mmoja, akalikunja shuka la buluu, na kwenye pembe zake palikuwa na matundu ya kupita kidole. Akaliweka ndani ya sanduku, akakaa juu ya sanduku na kanda mkononi, akitafuta njia ya kuivunja.

"Ipeleke," alisema Bi Fatma mlangoni.

"Mama?"

"Imekugharimu mume. Isikae bure humu ndani. Ipeleke."

"Mama, hawezi kwenda," Turki alisema kutoka ngazini. "Sasa ruhusa ni yangu."

"Wewe leo ushapata ulichokitaka," Bi Fatma alimjibu bila ya kugeuka. "Usizidishe, ukaja kukikosa na usingizi."

Kanda ilikwenda na meli ya asubuhi, kwa mkono wa jirani. Na Afra akangoja. Mchana alimngoja yule bwana wa kampuni apige simu. Alasiri, akisikia hatua barazani, alimngoja mwengine, aliyekuwa hana sababu tena ya kuja. Habari zilifika kwamba yuko kwao Makunduchi, anapiga picha za harusi za huko huko, na mjini haji. Mkeka aliokuwa akisuka mamake, walisema, haujafumuliwa. Umekunjwa tu, umewekwa juu ya dari.

Simu ilipolia, Afra alikuwa peke yake sebuleni.

"Afra Zahran?" Ilikuwa sauti ile ile ya Dar es Salaam, ya haraka na ya furaha. "Dada, tumeiangalia kanda yako. Hongera kwa kazi, mmeipanga vizuri, rangi nzuri, mwanga mzuri."

"Ahsante."

"Sasa nikwambie ukweli, usivunjike moyo. Upande wako umezidisha kidogo. Yale machozi ya mwisho, kule kufunika uso, na kuita jina ambalo halimo. Watu hawaamini wakiona mtu analia namna ile. Mke aliyeachwa kweli halii hivyo. Unanielewa?"

Afra alikuwa akitazama ukuta. "Nakuelewa."

"Utajifunza, bado mdogo. Lakini dada, yule kaka aliyekuwa akisoma nyuma ya kamera, hatukumwona uso lakini ile sauti, ile 'nimekuacha' ya mwisho, hapa ofisini tumeirudia mara nyingi. Yule mtu anacheza mpaka nywele zinasimama. Tunamtaka. Amecheza wapi kabla? Tutampataje?"

Kwenye kidaka cha ukuta palikuwa na lile sinia la alumini, lililoachwa hapo siku ile likishushwa. Hapana aliyekumbuka kulirudisha jikoni.

"Dada, upo?"

"Nipo," alisema Afra. "Yule hakuwa akicheza."

Akaiweka simu mahali pake, akalichukua sinia, akashuka nalo kumsaidia mama yake kupakua.